Kitalu cha Mama, Baridi ya Minnesota

Miche yangu ya kwanza ya nyanya nchini Marekani ilikufa imelala. Ilikuwa Machi 2019, kwenye dirisha la jikoni la nyumba ya kupanga kaskazini mwa Minneapolis, jimboni Minnesota, na nje theluji ilikuwa imefika magotini. Februari iliyokuwa imetoka kuisha ilishusha karibu mita nzima ya theluji, na katika kumbukumbu za jiji hakuna Februari nyingine iliyowahi kuifikia. Kabla yake, mwisho wa Januari, kulikuwa na asubuhi moja ambayo kipimajoto kilisoma nyuzi 33 chini ya sifuri. Nilikuwa nimeingia nchini Oktoba. Kufikia Februari hamu ya kuona jani la kijani ilinishinda, nikajaza udongo kwenye vikombe kumi na viwili vya mtindi, nikasia nyanya, pilipili na mchicha, nikavipanga dirishani.

Nyanya na mchicha ziliota. Siku ya saba nilipoona vile vishingo vidogo vimejikunja vikitoka udongoni, nilimwita mke wangu kutoka chumbani aje aone. Lakini wiki ya tatu miche ilikuwa na urefu wa kiganja na wembamba wa uzi wa cherehani, rangi yake imepauka, yote imeinamia kioo kwa upande mmoja kama watu wanaochungulia harusi ya jirani. Siku moja nimerudi kazini alfajiri nikakuta minne imelala. Kesho yake sita. Nikapiga picha, nikamtumia mama.

Mama yuko Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na amekuwa mkulima wa mboga tangu kabla sijazaliwa. Alinipigia jioni ya kwao. Hakusema pole. Alisema: "Mwanangu, hiyo miche inatafuta kitu. Umeinyima nini?"

Swali hilo ameniuliza kila mwaka tangu hapo, na kila mwaka jibu limekuwa tofauti.

Anayeijua Lushoto anajua kwamba pale mboga ni maisha. Kabichi, karoti, hoho na nyanya zinazoshuka kwa malori kwenda Tanga na Dar es Salaam zinatoka kwenye vishamba vya mteremkoni, na nyingi kati yake zimeanzia kwenye kitalu. Kitalu cha mama kilikuwa tuta la upana wa mita moja hivi, karibu na kijito. Kabla ya kusia alirundika majani makavu na vijiti juu ya tuta akachoma, moto ukapita taratibu. Majivu yakipoa anachanganya na samadi iliyooza vizuri, anasawazisha kwa mkono, anachora mistari kwa kijiti, anadondosha mbegu, anafunika kwa udongo mwembamba na juu yake nyasi kavu. Mbegu zikianza kuchomoza nyasi zinaondolewa, na mahali pake panakuja chanja, vijiti vinne na matandazo ya majani ya migomba juu yake, kivuli kidogo tu. Mimi nilikuwa mchota maji. Asubuhi na jioni nilibeba keni. Miaka kumi nzima nilikuwa nikiyaona hayo yote na sikuwahi kuuliza hata mara moja: moto wa nini? Nyasi za nini? Mbona leo umepunguza majani kwenye chanja na jana yalikuwa mengi? Mama naye hakueleza. Watoto hawakuelezwa, waliagizwa.

Kwa hiyo nilikuja Minnesota nikiamini kwamba najua kuotesha miche, kumbe nilichokijua ni kubeba maji.

Kwanza nieleze kwa nini mtu ahangaike kusia mbegu ndani ya nyumba wakati bado kuna barafu nje. Hapa tulipo, jalidi ya mwisho, ile barafu ya usiku inayoshika majani na kuyaacha asubuhi yamekuwa meusi kama yaliyochemshwa, huja hata katikati ya Mei. Inarudi tena mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Katikati hapo una miezi minne na nusu hivi. Nyanya ukiisia shambani wakati udongo umepata joto, yaani Juni, utavuna kidogo mwisho kabisa wa msimu. Nyanya chungu na pilipili mbuzi hutavuna kitu, jalidi itazikuta na matunda mabichi. Njia pekee ni kuiba wiki nane au kumi kwa kuanza mapema, ndani, ili siku udongo unapopata joto uwe na mche wenye shina la unene wa penseli tayari kwenda ardhini.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mwanga. Niliwaza kama mtu wa Ikweta. Kwetu jua linachomoza saa 12 na linazama saa 12, Januari mpaka Desemba, tofauti yake ni nusu saa hivi ambayo hakuna anayeijali. Hapa Desemba jua linachomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni. Katikati ya Februari mchana umeshafika urefu wa kama saa kumi na nusu, na hapo ndipo nilipodanganyika. Saa kumi na nusu zilinitosha mimi kuona, nikadhani zinaitosha nyanya. Lakini jua lenyewe linapita chini chini upande wa kusini, mawingu hayaishi, na dirisha linapokea mwanga wa upande mmoja tu. Macho ya mtu yanazoea giza haraka mno, mche hauzoei. Mche ulionyimwa mwanga hufanya jambo moja, hurefuka kuutafuta, na unatumia chakula chote cha mbegu kwenye kurefuka badala ya kunenepa.

Dawa yake ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Zipo taa maalumu za mimea, za rangi ya zambarau, za bei ya kutisha. Mimi nilinunua zile taa ndefu nyeupe za LED ambazo watu hufunga kwenye gereji, mbili, nikazining'iniza kwa minyororo juu ya rafu. Mnyororo ni muhimu, maana taa lazima ipande kadiri mche unavyokua. Umbali kati ya taa na jani la juu ni upana wa vidole vinne. Mwanzoni niliziweka juu karibu na dari kwa kuogopa kuunguza, na miche ikarefuka vilevile. Mwanga hupungua haraka sana unaposogea mbali nao, kwa hiyo taa ya karibu yenye nguvu kidogo inashinda taa kali iliyo mbali. Nikanunua na swichi yenye saa ndani yake, inawasha saa 12 asubuhi na kuzima saa 4 usiku. Saa kumi na sita. Ziada ya hapo haisaidii. Nyanya nayo inahitaji usiku wake.

Mwaka wa 2020 nilikuwa na taa, na miche ikatoka mifupi, minene, kijani kibichi. Nilifurahi kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nikakuta kona moja ya trei miche imeanguka. Hii haikuwa imerefuka. Shina lilikuwa limeoza pale pale linapogusana na udongo, limekuwa jembamba kama limebanwa na uzi wa moto, na juu majani bado mabichi. Jioni yake duara lilikuwa limepanuka. Siku ya tatu trei nzima ilikuwa imekwisha.

Hii hata mimi nilikuwa na jina lake: kinyausi. Mabwana shamba walikuwa wanalitaja neno hilo kila mkutano. Ni vimelea vya ukungu au vinavyofanana na ukungu, kama Pythium na Rhizoctonia, vinavyokaa kwenye udongo vikisubiri maji mengi na hewa iliyotuama. Nilimpigia mama nikiwa na hasira, kwa sababu mwanga nilikuwa nimeupa. Akaniuliza: "Udongo ulichoma?"

Nilikaa kimya pale jikoni. Miaka yote ile nilidhani moto wa kitaluni ni wa kupata majivu.

Udongo wangu wa 2020 nilikuwa nimeuchota shambani msimu wa vuli, nikauhifadhi kwenye ndoo, nikaona nimeokoa hela. Ndani yake kulikuwa na kila kitu. Isitoshe, udongo wa shamba ukiuweka kwenye kikombe kidogo unashikana kama tofali, maji hayapiti, mizizi haipumui. Kuchoma moto ndani ya nyumba haiwezekani. Watu wengine huoka udongo kwenye oveni, na harufu yake haitoki kwa wiki. Siku hizi nanunua mchanganyiko wa kusia mbegu ambao hauna udongo hata kijiko, ni piti, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi, pamoja na perlaiti na vemikulaiti, punje nyepesi za madini. Unakuja mkavu kabisa na unakataa maji ya baridi, yanaelea juu. Unaukanda kwanza na maji ya vuguvugu kwenye beseni mpaka ukikamata na kuubana mkononi yatoke matone mawili matatu, si zaidi. Trei za zamani naziosha na kuziloweka kwenye maji yenye jiki kidogo, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, nazisuuza, nazikausha.

Na maji siku hizi nayatoa chini. Trei yenye matundu inakaa ndani ya trei isiyo na matundu, namimina maji kwenye hiyo ya chini, udongo unanyonya wenyewe kwa nusu saa, yaliyobaki namwaga. Uso wa udongo unabaki mkavu mkavu, na kinyausi hakipendi uso mkavu. Vile vinzi vidogo vyeusi vinavyozunguka vikombe navyo vikapungua, maana vilikuwa vinataga kwenye unyevu wa juu.

Pilipili ilikuwa na hadithi yake. Mwaka wa kwanza na wa pili haikuota kabisa. Nikailaumu mbegu. Halafu usiku mmoja niliweka kipimajoto pale dirishani nikakuta nyuzi 13, wakati sebule ina 20. Kioo kinapitisha baridi, na kikombe cha udongo uliolowa kinakuwa baridi kuliko hewa. Pilipili mbuzi inataka udongo wa nyuzi 27 hivi ili iamke. Nyanya inavumilia 21, pilipili haivumilii, inakaa tu mpaka inaoza. Nikahamisha vikombe juu ya jokofu, nyuma kule ambako pana joto, nikafunika kwa plastiki. Siku ya kumi na mbili zikachomoza. Baadaye nilinunua mkeka wa umeme unaowekwa chini ya trei. Ila nao una masharti. Mbegu zikishaota, mkeka unaondolewa. Joto la chini likizidi mwanga, mche unarefuka tena na unarudi kwenye tatizo la mwaka wa kwanza.

Lile la nyasi kavu za mama nikalielewa hapo, nililielewa kwa mkono. Nyasi zilikuwa zinashika joto na unyevu usiku, na ziliondolewa siku mbegu inapochomoza kwa sababu ileile ninayotolea plastiki na mkeka mimi.

Kalenda ndiyo sehemu ninayoisisitiza kila ninapoulizwa na Watanzania na Wakenya wa huku, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea, kwa upendo tu, kwa kuwahi. Februari nyumba ina giza, mtu anaona pakiti za mbegu zimepangwa dukani, anashindwa kujizuia. Namwelewa kabisa. Lakini nyanya iliyosiwa katikati ya Februari inakaa ndani wiki kumi na nne kabla ya kutoka. Itakuwa imetoa maua kwenye kikombe, mizizi imejizungusha kama kamba, majani ya chini yamekuwa manjano. Mche wa wiki saba ukiupanda siku moja na huo utaupita ndani ya mwezi; mimi nimeona kwa macho yangu mwaka 2021 nilipopanda yote miwili bega kwa bega.

Hesabu inaanzia mwisho kurudi nyuma. Mimi nyanya natoa nje wiki ya mwisho ya Mei, ile ya sikukuu yao ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Narudi nyuma wiki saba au nane, naangukia mwanzoni mwa Aprili. Nyanya chungu na hoho ni polepole zaidi, kwa hiyo mwisho wa Machi. Pilipili mbuzi kabla ya zote hizo, wiki ya pili ya Machi, kwa sababu baada ya kupandikizwa bado inataka zaidi ya miezi mitatu kuiva. Sukuma wiki haiogopi baridi, nasia mwanzoni mwa Aprili na inatoka nje mapema Mei, hata ikipigwa na jalidi nyepesi inaendelea. Kinachosiwa Februari kwangu ni kimoja tu, vitunguu, na navipenda kwa ajili hiyo. Vinaninyamazisha. Navisia vingi kwa pamoja kwenye bakuli, vinaota kama nyasi, vikifika urefu wa kidole mara mbili navikata kwa mkasi vibaki nusu, na vile vilivyokatwa vinaingia kwenye mayai.

Kuna vitu ambavyo havina haja ya kuanzia ndani, na hili sikuambiwa na mtu, nimelilipia. Karoti hapana kabisa, mzizi ukiguswa unapinda. Maharage hapana. Bamia na maboga hayapendi kusumbuliwa mizizi, ukilazimika yasie kwenye vikombe vya karatasi wiki tatu tu kabla, upande na kikombe chake. Mchicha niliuhangaikia miaka miwili kwenye trei, kumbe ukisubiri Juni udongo ukiwa umepata moto, ukatawanya mbegu kwa mkono kama nyumbani, baada ya wiki nne au tano unachuma. Majira ya joto hapa, mchana wa Juni una zaidi ya saa kumi na tano za jua, mchicha unakua mpaka unashangaza.

Mwaka huohuo wa 2021 tulihamia nyumba yenye besimenti, kile chumba kikubwa cha chini ya ardhi ambacho nyumba za huku zinacho, nikapata nafasi ya rafu tatu. Shamba lakini niliendelea kukodi kwenye bustani ya pamoja, ambako kila mtu ana kiwanja chake cha hatua kumi kwa kumi. Jirani yangu pale ni bibi mmoja wa Kihmong. Wahmong walianza kufika Minnesota kutoka Laos miaka ya 1970 baada ya vita, na leo ukienda soko la wakulima la St. Paul utaona mboga nyingi nzuri pale zimetoka mikononi mwao. Bibi huyu na mimi hatuna lugha ya pamoja zaidi ya maneno thelathini hivi. Mei moja nilileta trei yangu ya nyanya, nikaiweka kwenye ukingo wa kiwanja. Upepo ulipopiga, miche ikalala, ikainuka, ikalala. Ya kwake ilisimama. Akaja, akapitisha kiganja chake juu ya miche yake, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. Akaenda mbele, akarudi nyuma. Kisha akaninyooshea kidole. Fanya hivi.

Ndani ya nyumba hakuna upepo. Sikuwa nimeliwaza. Mche usiotikiswa haujui kwamba utakuja kuhitaji nguvu, shina linabaki laini. Siku hizi nina feni ndogo inayogeuka geuka, haielekezwi moja kwa moja kwenye miche, na inasaidia pia kukausha uso wa udongo. Na juu ya feni, kila asubuhi mkono unapita mara kumi kwenda, kumi kurudi. Ukishika nyanya hivyo mkono unanuka nyanya mpaka mchana. Ninaporudi kutoka zamu ya usiku, mwezi wa Aprili, giza bado, halafu ile harufu, sina namna ya kueleza.

Napita haraka kwenye mbolea kwa sababu haina mengi: mbegu ina chakula chake, usiipe kitu mpaka majani halisi yatokee, yale ya pili yanayofanana na mmea wenyewe. Baada ya hapo mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa wiki. Na hapohapo nahamishia kila mche kwenye kikombe kikubwa, naushika kwa jani, kamwe si kwa shina, maana jani likichanika litaota jingine. Nyanya naizika mpaka karibu na majani. Shina lililozikwa linatoa mizizi.

Sasa niseme habari ya msiba wa Mei 2020. Trei yangu ya pili, ile iliyookoka kinyausi, miche kumi na nane, mizuri, niliitoa nje asubuhi ya kwanza ya joto. Jua lilikuwa zuri, nyuzi 24, mimi na watoto tulikuwa tumevaa fulana kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Tukaiacha nje tukaenda matembezini. Tuliporudi jioni majani yalikuwa na mabaka meupe, makavu kama karatasi, mithili ya kitu kilichomwagiwa maji ya moto. Kumi na mmoja ilikufa. Saba ilisinyaa wiki tatu kabla ya kuanza upya.

Sikumpigia mama siku hiyo. Nilimpigia baada ya wiki, nikamweleza yote, na kabla hajauliza nilichoinyima nikamwuliza mimi: "Mama, lile chanja ulikuwa unalifanyaje zile siku za mwisho?" Akacheka kwa furaha, nadhani kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuuliza. Akaeleza. Wiki mbili kabla ya kupandikiza alikuwa anatoa majani ya migomba kidogo kidogo, leo mawili, keshokutwa mengine mawili, na maji anapunguza, mpaka wiki ya mwisho miche inapigwa na jua lote la Lushoto na kiu kidogo juu yake. "Mche uliodekezwa kitaluni," alisema, "shambani unalia." Mabwana shamba wanaita kukomaza miche.

Tangu hapo Mei yangu yote ni ya kubeba trei. Siku ya kwanza saa moja tu kivulini, upande wa nyuma wa nyumba, mbali na upepo. Siku ya pili saa mbili. Siku ya tatu jua la asubuhi, lile laini, kisha kivuli. Naongeza hivyo kwa siku kumi, hata kumi na nne, na usiku inarudi ndani mpaka nione usiku haushuki chini ya nyuzi 10. Ni kazi. Ngazi za besimenti ni kumi na tatu, trei ni sita. Mke wangu huzitoa mimi nikiwa nimelala baada ya zamu, watoto huzirudisha. Jalidi ikitangazwa ghafla wakati miche imeshapandwa, shuka za zamani zinatoka kabatini kwenda kufunika.

Kwa sukuma wiki nimepata njia nyepesi zaidi, na ninaipenda kwa kuwa haitaki taa wala umeme. Nachukua dumu la maziwa lile la lita karibu nne, nalikata katikati kuzunguka nikiacha bawaba upande mmoja, natoboa matundu chini, naweka mchanganyiko, nasia, nafunga kwa utepe wa gundi, kifuniko natupa. Linakaa nje kwenye theluji mwezi mzima wa Machi. Theluji inayeyuka inaingia kwa juu, jua likipiga ndani panapata joto, usiku panapoa. Aprili mbegu zenyewe zinaamua siku. Miche hiyo haina haja ya kukomazwa, imezaliwa nje.

Mbegu zenyewe nazo zilikuwa safari. Sheria za Marekani haziruhusu mtu kubeba mbegu mfukoni kutoka nyumbani bila vibali vya afya ya mimea, nami sikutaka njia ya mkato. Mnavu niliupata kwa mama mmoja wa Kisii tunayesali naye. Wakenya wa Kisii ni wengi vitongoji vya huku, wao wanauita managu, na wanaulima mpaka pembeni ya gereji. Alinifundisha kukamua vitunda vyeusi ndani ya maji na kuosha mbegu mara tatu hadi utelezi uishe, la sivyo zinagoma kuota. Nyanya chungu ilinichukua miaka miwili. Niliitafuta kwa majina yote niliyoyajua, nikaikuta kwenye orodha ya muuza mbegu mmoja kwa jina la Kibrazili, jiló. Ilivuka bahari pamoja na Waafrika waliopelekwa utumwani, ikabaki kwenye sufuria za watu kule, na mimi nimeipokea huku kaskazini kutoka upande mwingine kabisa. Nilipopika ya kwanza na dagaa, Agosti 2022, nilimwonesha mama kwenye simu. Akasema niigeuze aone kitako chake. Nikageuza. Akasema ndiyo yenyewe.

Mwaka huu binti yangu ana miaka tisa na ndiye mwenye zamu ya kupitisha mkono juu ya miche kabla ya kwenda shule. Siku ya kwanza aliuliza kwa nini. Nikamkalisha kwenye ngazi nikamweleza habari ya upepo, na ya bibi wa Kihmong, na baada ya hapo akauliza kwa nini taa iko chini hivyo, na kwa nini maji tunaweka kwenye trei ya chini, na nilichelewa kumpeleka kwenye basi. Jioni aliomba kikombe chake mwenyewe. Akasia mbegu sita za pilipili mbuzi, akaandika kwa kalamu ya wino mzito, tarehe 9 Machi, jina lake na idadi. Siku ya kumi na moja ziliota nne. Alimtumia bibi yake picha mwenyewe, na sauti ikarudi kutoka Lushoto kabla hatujamaliza kula: hizo mbili zingine, mjukuu wangu, usizifukue. Zipe wiki moja.